Mama Aombapo Kurudishwa Kwao

Kila siku baada ya Alasiri, jua linapoanza kuinama upande wa bara, mama yetu huomba arudishwe kwao. Huanza kwa upole. Hujitanda leso yake vizuri, akaketi ukingoni mwa kitanda na kutwambia, "Haya, wanangu, nimekaa vya kutosha kwenye nyumba za watu. Nirudisheni kwetu." Nasi humjibu kuwa hapa ndipo kwake, kwamba nyumba hii aliingia akiwa bibi arusi, na kwamba sisi wanawe watano tumezaliwa katika chumba hiki hiki. Hutusikiliza kwa adabu, kama mgeni anayesihiwa na mwenye nyumba angoje chakula cha usiku, kisha hurudia ombi lake pale pale alipoliacha. Mara nyingi adhana ya Magharibi humkuta ameshalia.

Mama ametimiza miaka 82. Daktari alitueleza kuwa haya ni maradhi ya usahaulifu, ambayo huanza kula kumbukumbu za jana na juzi, na za ujanani huziacha mpaka mwisho. Ndugu yetu kitinda mimba sasa amekuwa "Dada", yaani dada yake Mama aliyefariki zamani. Suratul Fatiha huisoma bila ya kukosea hata herufi, lakini hajui yuko rakaa ya ngapi. Twaandika haya kwa ridhaa ya ndugu zetu wote, wala si kwa kuanika ya ndani. Maradhi si aibu, na twajua kuwa ziko nyumba nyingi katika miji yetu zenye mzee aombaye kurudishwa kwao ilhali yuko kwake. Sisi tulichelewa sana kufahamu ni wapi hasa alikotaka kurudi. Aliyetufahamisha ni mwimbaji.

Tulikuwa katika matayarisho ya harusi ya binti wa ndugu yetu. Wasichana walipewa kazi ya kupangua stoo, wakatoka na boksi la kanda za redio zilizofungwa kwenye leso kuukuu, iliyochakaa hata jina lake halisomeki. Hapakuwa na redio ya kuzipigia. Ikaazimwa kwa jirani. Wala hapakuwa na msichana hata mmoja aliyejua kanda hutiwa vipi, au kwa nini shangazi yao aliagiza penseli kwanza, mpaka walipomwona akiichomeka katika tundu la kanda na kuizungusha ili uzi uliolegea ukazike. Ilikuwa ndiyo saa ya Mama ya kulia. Kilio chake tulikuwa tukikisikia kutoka chumba cha pili.

Kanda ikaanza kwa mkwaruzo, zikaja fidla na ngoma, kisha sauti ya Mohamed Khamis Juma, ambaye watu wa pwani twamjua kwa jina la Juma Bhalo. Kilio kikakatika. Punde tukamwona Mama mlangoni, amekuja kwa miguu yake mwenyewe huku akishika ukuta. Alisimama akisikiliza, midomo yake ikitangulia maneno ya mwimbaji. Kila ubeti alikuwa nao kabla haujafika. Wimbo ulipomalizika akamgeukia kitinda mimba wetu, uso umemkunjuka, akasema, "Dada, buibui langu li wapi? Hima, tutachelewa. Leo ni ya wanawake."

Hakuna kati yetu aliyejua ni nini hicho kilichokuwa cha wanawake. Tulimpigia simu mama mdogo, ambaye akili yake, alhamdulillahi, ingali timamu. Alicheka mpaka akakohoa. "Sinema," akasema. "Ni sinema hiyo aitakayo."

Katika miaka ya 1950 na 1960, sinema za mijini mwetu zilikuwa na siku zao za maonyesho ya wanawake peke yao. Mama mdogo alitusimulia jinsi walivyokuwa wakitoka mtaani makundi makundi, mabuibui meusi yamejaza kichochoro, kila mmoja ana bisi au njugu ndani ya mkunjo wa leso. Filamu zilikuwa za Kihindi, akina Raj Kapoor na Nargis. Lugha hawakuifahamu ila maneno mawili matatu waliyoyaokota kwa majirani na madukani, lakini kisa walikifahamu chote: mama mjane aliyebaki na watoto, mtoto aliyepotezana na babake, msichana anayependa pasipoelekea. Mother India ilipotoka mwaka 1957, ilikuwa hadithi ya mwanamke na deni na mafuriko, na hayo hayakuhitaji mkalimani. Walilia pamoja gizani, wakarudi majumbani wakiimba nyimbo ambazo maneno yake hawakuyajua.

Na hapo ndipo mahali pa Juma Bhalo. Mtindo wa taarab uliomtukuza Mombasa ni wa kuuchukua muziki wa filamu ya Kihindi na kuuvisha ushairi wa Kiswahili. Wako wanaoudharau ustadi huo kwa kusema kuwa muziki ni wa kuazima, na hata sisi tulipokuwa vijana tulikuwa na maneno hayo. Leo twaona tulidhulumu. Mwenye kuujua ushairi wetu ajua kuwa mshororo wa shairi una mizani 16, nane na nane, na vina vya kati na vya mwisho visivyotaka mchezo. Kuyachukua maneno yenye sheria kali kama hizo na kuyapitisha katika tuni iliyotungwa kwa lugha nyingine, bila ya kina kuanguka wala maana kupotea, ni kazi ya fundi. Tena nyuma ya mwimbaji walikuwapo washairi wa kweli. Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971, alikuwa jamaa yake Bhalo, na mengi aliyoyaimba yalitoka kwenye kalamu yake. Kwa hivyo wanawake wale waliorudi na tuni isiyokuwa na maneno walipewa maneno, tena ya Kimvita, yenye mafumbo ya kutosha kumpiga kijembe jirani bila ya kumtaja jina.

Basi wimbo mmoja ulimpeleka Mama safari mbili kwa pamoja. Wa kwanza ni msichana wa miaka ishirini katika giza la sinema, akiangalia treni na mashamba ya nchi ambayo hakupata kuikanyaga. Wa pili ni huyo huyo barazani kwao, akiusikia tena kwa lugha yake. "Kwetu" alikokuwa akituomba hakukuwa nyumba nyingine. Kulikuwa ni mwaka mwingine, nasi tulikuwa tukimwonyesha kuta.

Tangu siku hiyo tulianza kuzitazama kanda zile kwa jicho jingine. Nyingine hazikuwa na maandishi. Nyingine zilikuwa na nembo ya Mzuri, ya duka la Assanand hapa Mombasa, ambalo lilitoa sahani za santuri na baadaye kanda za waimbaji wetu kwa miaka mingi. Tukawa kila siku twampigia Mama moja na kumwangalia inampeleka wapi.

Za Zein l'Abdin zilimtuliza bila ya kumsimamisha. Zein alikuwa mtu wa Lamu na bingwa wa udi. Aliyaimba mashairi ya Sheikh Ahmed Nabhany na ya watunzi wa zamani zaidi, na udi wake ulikwenda Uarabuni na kurudi katika wimbo mmoja. Mama alipousikia aliuliza kama chetezo kimetiwa makaa. Tulidhani amechanganyikiwa, mpaka mmoja wetu aliposema kuwa huenda hakuchanganyikiwa hata kidogo. Udi wa kupiga na udi wa kufukiza ni neno moja, nalo kwa Kiarabu ni kijiti, ni ubao. Marehemu baba alikuwa na ada ya kufukiza nyumba usiku wa Ijumaa huku akitafuta Radio Cairo katika masafa mafupi, apate kumsikia Umm Kulthum. Mwimbaji huyo, binti wa imamu wa kijijini, aliyejifunza kutamka herufi kwa kusoma Qur'ani kabla ya kuimba chochote, alikuwa akirushwa hewani moja kwa moja kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na wimbo wake mmoja uliweza kuchukua saa nzima. Baba alijua Kiarabu cha madrasa tu. Hata hivyo alikuwa akitikisa kichwa mahali ambapo watu wa Cairo walikuwa wakipiga makelele ya kumtaka arudie. Ndiyo maana ya neno lenyewe: tarab ni ule mtikisiko wa moyo unaompata msikilizaji, na taarab yetu imechukua jina kutokana na huo mtikisiko.

Katika boksi ilikuwamo pia kanda moja iliyonakiliwa kutoka kwenye santuri, yenye mlio kama wa mvua juu ya makuti, na ndani ya mvua hiyo sauti ya mwanamke. Mama mdogo aliitambua mara moja: Siti binti Saad. Nyanya yetu, mzaa mama, alikuwa na santuri ya kutia ufunguo, na hizo ndizo sahani alizozipenda.

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, karibu mwaka 1880, na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa, jina linalosema wazazi wake walitoka wapi. Alikuwa akitembeza vyungu kuuza. Hakujua kusoma wala kuandika. Nyimbo za Kiarabu alifundishwa kwa kusikia. Taarab wakati ule ilikuwa starehe ya jumba la kifalme na ya mabwana, ikiimbwa kwa Kiarabu. Husimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka mtu wake Misri akajifunze kanuni. Siti aliitoa jumbani akaileta mtaani, kwa Kiswahili. Machi 1928 alisafiri na wanamuziki wake mpaka Bombay kurekodi sahani kwa kampuni ya Gramophone, na sahani hizo zikaenea pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Wasifu wake umeandikwa na Shaaban Robert.

Sisi, tusiokuwa na kumbukumbu yoyote ya zama hizo, sauti hiyo ilitupeleka mahali tusipopategemea. Mmoja katika nyimbo zake mashuhuri ni ule wa Kijiti, na kisa chake ni cha kweli: mwanamke mgeni aliuawa Unguja, muuaji akavuka bahari akatoroka, na kesi ilipokwisha walioadhibiwa ni wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Mahakama ilifunga daftari. Wimbo haukufunga. Kila mwanamke aliyeisikiliza sahani ile, Unguja na kwingineko, alikuwa kama aliyeketi katika baraza ambako kesi inasikilizwa upya. Tulijikuta twaongea kwa sauti ya chini, kana kwamba waliofungwa ni majirani zetu na habari imefika leo asubuhi.

Mama hakutuangalia. Alikuwa akiitikia kwa mguno, na akamwita mamake.

Hatutaki msomaji adhani kuwa nyumba nzima ilifurahi. Kaka yetu mkubwa aliacha kusikiliza muziki zaidi ya miaka 20 iliyopita, na siku ya kwanza aliposikia fidla kutoka ukumbini alisimama mlangoni na viatu mkononi. Hakugomba. Alitwambia tu kuwa yeye pia atakuja kuulizwa juu ya mama huyu, na kwamba mzee aliye karibu na safari yake angependa masikio yake yajazwe jambo jingine. Tulikaa kikao usiku ule, ndugu watano, chai ikapoa. Khitilafu ya wanavyuoni juu ya ala za muziki ni ya kale, ina vitabu vyake na watu wake. Sisi si wa kutoa fatwa, na kijarida cha familia si mahali pake. Lakini swali lilikuwa limekaa ukumbini kwetu, lina miaka 82, na kesho yake baada ya Alasiri lingelia tena. Shauri tuliloafikiana lilikuwa hili: kanda zipigwe chumbani kwa Mama tu, kwa sauti ndogo, saa ile moja, na kaka naye alete alichonacho.

Alileta maulidi. (Nayo pia, kama ijulikanavyo, ina wanaoizungumza, na mke wa kaka hakuacha kumkumbusha.) Ilikuwa ni rekodi ya Maulidi ya al-Habshi kama isomwavyo Lamu, pamoja na kasida na matwari.

Babake Mama alikuwa mtu wa Lamu. Kisomo hicho kilitungwa Hadhramaut na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, na aliyekishamirisha Lamu ni Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akiwa kijana, akahamia Lamu, na ambaye Msikiti wa Riyadha umefungamana na jina lake. Yeye ndiye aliyewakaribisha madarasani watu ambao wakubwa wa mji hawakuwafikiria kuwa wa darasa, akawaingiza katika maulidi kwa twari na kasida. Nyakati zake alilaumiwa kwa twari hilo hilo. Leo watu hupanda mabasi na mashua kutoka kila pembe ya pwani kwenda kulisikia mwezi wa Mfungo Sita.

Rekodi ilipoanza, Mama aliivuta leso akafunika kichwa. Hakusimama, wala hakuitisha buibui. Kiganja chake kikaanza kupiga paja, polepole, sawasawa na twari, na alipofungua mdomo sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke wa miaka ishirini. Ilikuwa nyembamba, ya kitoto. "Baba," akamwambia kaka, "jahazi litaondoka na maji ya saa ngapi?" Tulihesabu baadaye kwa msaada wa mama mdogo. Walipelekwa Lamu kwa maulidi Mama akiwa na umri wa miaka saba hivi, kwa jahazi, akatapika njia nzima, akabebwa mabegani na babake kutoka gatini mpaka Langoni.

Kaka alimjibu kuwa jahazi litaondoka na maji ya alfajiri. Kisha akatoka nje, akakawia kurudi. Kanda yake ilikuwa imempeleka Mama mbali kuliko zetu zote.

Tulimuuliza muuguzi anayekuja kumpima Mama kama haya ni ya ajabu, akasema kuwa ameyaona mara nyingi. Wataalamu wa kumbukumbu wamegundua kuwa mtu mzima akiulizwa juu ya maisha yake, yanayomjia kwa wingi zaidi ni ya baina ya umri wa miaka 10 na 30 hivi, na nyimbo za miaka hiyo huwa zimejichimbia ndani kabisa. Mgonjwa aliyesahau jina la mwanawe huweza kuimba beti zote. Si dawa. Maradhi yanaendelea na njia yake. Kinachopatikana ni saa moja, au nusu saa, ambayo mtu yuko mahali anapopajua.

Kwa walio na mzee kama huyu tungependa kusema tuliyojifunza, mengine kwa kukosea. Tulimvisha vipaza sauti vya masikioni akashtuka, akadhani kuna mtu nyuma yake. Tulimpigia taarab ya siku hizi yenye vinanda vya umeme, akauliza ni kelele za nini na nani amekufa. Wageni walipojaa chumbani kuja kuona ajabu ya bibi anayeimba, alinyamaza akaona haya, nasi tukaona haya zaidi. Kilichofaa ni wimbo wa ujana wake yeye, wala si wa ujana wetu, kwa sauti ndogo, mtu mmoja au wawili wakiwa karibu, na kuuzima mara tu uso unapobadilika.

Kwani uso hubadilika. Wimbo haukuulizi unataka kwenda wapi. Siku moja kanda iliingia wimbo uliopigwa kwenye harusi yake, na Mama akauliza mumewe yuko wapi, mbona hajarudi kutoka dukani. Tulifanya lile tulilodhani ni haki: tukamwambia kuwa baba amefariki, na sasa ni miaka 14. Aliipokea habari ile kama inavyopokewa mara ya kwanza. Alilia kilio cha msiba, kisha akazivua bangili zake moja moja, akaziweka juu ya mto, akatutaka tumtafutie nguo za eda. Ilimchukua siku nne kusahau. Siku hizi akimuuliza hatumpi habari ya kifo wala hatumzulii uongo. Twamwambia, "Njoo, Mama, tumuombee dua," naye huinua mikono, na mara nyingi dua yenyewe humtosha. Kanda hiyo kaka ameihifadhi kwake.

Tumegundua pia kuwa Mama, anapokuwa ndani ya wimbo, husema mambo ambayo hatukuwahi kuyajua. Kwa kanda moja ya Zuhura Swaleh alitufungulia fumbo zima: ni mke mwenza gani wa mtaa wa Kuze aliyeukasirikia wimbo ule, na ni nani aliyemtunza mwimbaji noti mara tatu kwa makusudi mbele ya uso wake. Mlio wa mkwaruzo unaosikika katika kanda ile, alisema, ni wa taishokoto, "kile kinanda cha vidude vya kubonyeza". Nasi tulitafuta habari zake tukakuta kuwa chombo hicho kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikapita India kabla ya kufika kwetu. Wasichana waliokuwa wakipanga nguo za harusi waliacha kazi wakaja kukaa chini. Mama mdogo, aliyekuwa amekuja kututembelea, akawaonyesha kwa vijiko viwili jinsi pembe za vugo zilivyokuwa zikigongwa, na ni mguu upi hutangulia katika lelemama, ngoma ambayo mamake aliicheza na yeye aliikuta ikifa.

Tukamrekodi. Hilo tunajuta kwa kutolifanya mapema. Kanda zenyewe haziko salama. Hewa ya chumvi na unyevu wa stoo umezitia ukungu mweupe, na mbili zilikatika redioni kabla hatujajua kuwa kanda yenye ukungu haipigwi, husafishwa kwanza na mtu anayeijua kazi hiyo. Zilizobaki tumezipeleka kunakiliwa kwenye kompyuta. Lakini nakala haitajua mke mwenza wa Kuze.

Bado Mama huomba arudishwe kwao. Siku nyingine kanda humtosha, siku nyingine hataki hata kuisikia. Wiki iliyopita alipoitisha buibui, kitinda mimba wetu hakumjibu kwa maneno. Alimletea buibui, akavaa lake, akamshika mkono, wakatoka. Walikwenda polepole mpaka kwenye kona inayotazama Ndia Kuu, watu wakiwaamkia, wakasimama pale jua likiwa limeshafichwa na nyumba.

"Sinema imefungwa, Dada?" Mama akauliza.

Akajibiwa kuwa imefungwa, na hayo ni kweli. Zimefungwa miaka mingi.

"Basi turudi kwetu," akasema, akageuka mwenyewe, akatangulia mpaka mlangoni petu.

Kesho yake baada ya Alasiri alijitanda leso yake vizuri, akaketi ukingoni mwa kitanda, na akatuita.